Mwenzi, Rafiki, Mkwe: Maneno Matatu Katika Maombi ya Viza



Umekwisha kujifunza kwamba Kiswahili hakimtengi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vyake. "Amefika" yaweza kuwa habari ya kaka au ya dada. "Nampenda" haidokezi anayependwa ni nani. Wanaokuja darasani wakiwa na Kifaransa hulalamika kwamba lugha hii inawanyima jambo la msingi. Wanaokuja na Kinyarwanda hawalalamiki, kwa maana lugha yao nayo hufanya vivyo hivyo. Leo nataka tulitazame somo hilo nje ya darasa, mahali ambapo maisha ya watu wawili yaliwekwa juu ya karatasi na neno moja likawa na uzito wa ushahidi.

Rafiki yangu, mkazi wa Kigali, aliniomba nimtafsirie nyaraka za maombi ya kuhamia Kanada kuishi na mwenzi wake. Rafiki yangu ni mwanamume, na mwenzi wake ni mwanamume. Nimepata ruhusa yao kuandika haya, kwa sharti kwamba majina yao na kazi zao zisitajwe, nami nitalitunza sharti hilo.

Mwenzi huyo alizaliwa Bujumbura, akahamia Kanada akiwa kijana, na sasa ni raia wa huko. Walikutana hapa Kigali miaka minne iliyopita. Tangu hapo yeye huja mara moja kwa mwaka, majuma matatu, kisha hurudi kazini. Siku nyingine zote za mwaka wanaishi katika simu, na lugha yao ya simu ni Kiswahili. Kwa sababu Kanada hupokea nyaraka kwa Kiingereza au kwa Kifaransa tu, kila ukurasa wa maisha yao ulihitaji mfasiri.

Hapa sina budi kueleza sheria kidogo. Kanada humruhusu raia wake au mkaazi wa kudumu kumdhamini mwenzi kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya waliofunga ndoa. Ya pili ni ya walioishi nyumba moja kwa miezi 12 mfululizo bila ndoa. Ya tatu, ambayo watu wengi hawaijui, ni ya wale wanaopendana kama wanandoa kwa mwaka mmoja au zaidi, lakini wamezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wao kufunga ndoa au kuishi pamoja. Njia hiyo ya tatu imo katika kanuni za uhamiaji za mwaka 2002, ambazo ziliwakubali wenzi wa jinsia moja miaka mitatu kabla ya ndoa yao kuhalalishwa Kanada nzima, Julai 2005.

Kwa nini hawakufunga ndoa? Katiba ya Rwanda ya mwaka 2015, Ibara ya 17, inatambua ndoa ya kiserikali ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu. Kupendana kwao si kosa la jinai hapa, lakini hakuna ofisi ya sekta itakayowaandikisha. Burundi, alikozaliwa mwenzi, iliingiza jambo hilo katika sheria ya makosa ya jinai mwaka 2009. Uganda, jirani yetu wa kaskazini, ilipitisha mwaka 2023 sheria yenye kifungo cha maisha. Ndoa ya mtandaoni walikuwa wameisikia pia; Kanada haiikubali tangu Juni 2015 iwapo mmoja wa wanandoa hakuwapo kwa mwili wake. Afrika Kusini inaruhusu ndoa yao tangu mwaka 2006, lakini hiyo ingekuwa safari ya watu wawili kwenda nchi ya tatu, kwa gharama isiyolingana na mshahara wa rafiki yangu. Hilo nalo lilielezwa kinagaubaga katika maombi.

Basi angalia namna njia ya tatu ilivyojengwa. Wa njia ya kwanza huulizwa walichofanya. Wa njia ya tatu huulizwa ambacho wangefanya. Sheria nzima imesimama juu ya kiambishi -nge-.

Shahidi mmoja, jirani aliyewafahamu tangu mwanzo, aliandika sentensi hii: "Kama sheria ingewaruhusu, wangeoana." Ningeomba uisome mara mbili. Hakuandika "wangalioana", ambayo kwa Kiswahili sanifu ingekuwa habari ya nafasi iliyokwisha kupita. Najua wasemaji wengi siku hizi huvichanganya viambishi hivi viwili, na simlaumu mtu kwa hilo sokoni. Lakini jirani huyu alisoma Kiswahili shuleni enzi za walimu wakali, naye alichagua -nge-: mlango haujafungwa, kinachosubiriwa ni sheria. Vilevile alitumia "kuoana". Umezoea kusikia kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wawili wa jinsia moja, nani aoe na nani aolewe? Kauli ya kutendana huliondoa swali hilo. Lugha ilikuwa nayo tangu zamani, wala haikuundwa kwa ajili yao.

(Kuna neno ambalo jirani hakulitumia, nalo ni "shoga". Ukienda pwani utasikia wanawake wakiitana hivyo, kwa maana ya rafiki wa karibu, bila kudhamiria lingine lolote. Kwingineko neno hilohilo ni tusi analorushiwa mwanamume njiani. Ukiwa mgeni wa lugha, lisikie, lakini usiliazime.)

Katika kukusanya ushahidi, jambo moja lilinishangaza. Rafiki yangu aliomba viza ya matembezi ya Kanada mara mbili na kukataliwa mara mbili. Barua ya pili ilisema, kwa maneno ya kawaida ya barua hizo, kwamba afisa hakuridhika kuwa angeondoka muda wake ukiisha. Barua hizo alizificha kwenye sanduku kama mtu afichavyo matokeo mabaya ya mtihani. Sasa zilitakiwa! Zilikuwa uthibitisho kwamba hawakuweza kufunga ndoa Kanada wala kuishi huko pamoja. Alizinyoosha kwa kiganja na kuziweka juu ya rundo.

Mazungumzo ya simu nayo yalihitaji kupunguzwa, kwa kuwa orodha ya nyaraka iliweka kikomo cha kurasa kumi. Miaka minne katika kurasa kumi! Rafiki yangu alitaka kuchagua maneno matamu. Nilimshauri vinginevyo, na mwenzi wake aliniunga mkono kutoka upande wa pili wa simu. Tulichukua yale ya "umekula?", ya "umeme umerudi?", ya kodi ya nyumba, ya ugomvi mmoja kuhusu fedha alizokopeshwa binamu, uliodumu siku mbili na kuisha kwa "haya, lala, kesho tutaongea". Maneno matamu huweza kuandikwa na yeyote kwa usiku mmoja. Ugomvi juu ya deni la binamu ni mali ya watu wa nyumba moja.

Pengine utauliza kwa nini niliombwa mimi, wakati rafiki yangu ana dada anayekijua Kifaransa kunishinda. Kanuni za Kanada hazimruhusu ndugu wa mwombaji kumtafsiria, hata akiwa mfasiri wa kazi: si mzazi, si ndugu wa tumbo moja, si shangazi, si binamu. Tena mfasiri asiye na kibali cha chama cha wafasiri lazima aape kwamba tafsiri yake ni sahihi. Kiapo hicho ndicho kilichonifikisha kwenye barua ya mama.

Mama yake alikulia Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kimesemwa kwa vizazi kadhaa kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Anaandika Kiswahili kizuri, chenye adabu ya barua za zamani. Alikubali kuandika ushahidi, akajaza kurasa mbili. Alieleza jinsi mgeni huyo alivyofika kwake mara ya kwanza na kilo mbili za mchele, jinsi alivyokaa hospitalini usiku kucha alipolazwa kwa shinikizo la damu, jinsi anavyompigia simu kila Jumapili. Ilikuwa barua nzuri mno. Na katika kurasa zote mbili, mtu huyo aliitwa "rafiki ya mwanangu".

Nilitafsiri nilichokiona. Kifaransa kina neno lake la rafiki, nikaliandika, mara tisa.

Rafiki yangu alisoma tafsiri, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa huwezi kuweka mwenzi?"

Nilimwambia siwezi. Ningeweza kwa mkono, ndiyo. Hakuna afisa wa Ottawa ambaye angeigundua tofauti. Lakini ningekuwa nimeapa kwa jambo ambalo mama hakulisema, na mama ndiye shahidi, si mimi. Sikufurahia kusema hivyo. Nilijua kwamba barua ya mzazi inayomwita mtu "rafiki" inaweza kusomwa kama mzazi asiyejua lolote, na maombi yao yangeyumba hapo. Raia wengi hudhani mfasiri ni mtetezi. Mbele ya sheria yeye ni dirisha tu, na dirisha lililopakwa rangi halimfai hata aliyelipaka.

Tulikwenda kwa mama pamoja, Jumamosi alasiri. Alitukaribisha chai ya tangawizi na kumuuliza mwanawe kwa nini amekonda. Rafiki yangu hakuweza kuanza, basi nikaanza mimi. "Mama, barua yako nimeitafsiri. Nimekuja kuuliza kama neno hili ndilo ulilolikusudia."

Hakujifanya kutoelewa. "Nimeandika rafiki kwa sababu ni neno lisilomdhuru mtu," alisema. "Barua huanguka, mwanangu. Barua huokotwa." Kisha akauliza, "Huko Ulaya itasomwa na nani?" Mama huita Ulaya kila nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Tulimweleza kwamba itasomwa na afisa mmoja au wawili, na kwamba hakuna nakala itakayopita mtaani. Aliuliza tena jambo hilohilo kwa njia nyingine, nasi tukajibu tena. Hatukumsihi. Nilikuwa nimemwambia rafiki yangu njiani kwamba mama akisema neno libaki, litabaki.

Aliomba miwani. Aliandika mezani pale, mbele yetu, nusu ukurasa. Alihifadhi hospitali na simu za Jumapili, akaacha mchele. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Huyu ni mkwe wangu."

Mwanafunzi, tafuta neno hilo katika kamusi yako. Mkwe ni mtu aliyeunganishwa nawe kwa ndoa: baba wa mkeo, mama wa mumeo, mume wa binti yako, mke wa mwanao. Halisemi mume wala mke. Lakini linasema ndoa, na linamweka mtu ndani ya ukoo, mahali penye heshima na wajibu. Mama angeweza kuandika "mwenzi wa mwanangu", neno la fomu, nalo lingetosha. Alichagua neno la nyumbani. Sikuwahi kumsikia akilitumia kabla ya siku hiyo, na rafiki yangu pia hakuwahi. Alikuwa anatazama nje ya dirisha wakati mama akikunja karatasi.

Kifaransa kilinitaka niamue: mkwe wa kiume au wa kike. Safari hii uamuzi ulikuwa mwepisi, kwa kuwa jina na picha vilikuwa vimeambatishwa. Kamusi za Kifaransa hueleza neno la mkwe wa kiume kuwa ni mume wa binti. Mama huyu ana mwana. Niliandika neno hilo bila maelezo ya chini, nikaenda kwa noteri na kuapa.

Maombi yalitumwa kwa mtandao mwezi uliofuata, pamoja na ahadi ya mdhamini ya kumkimu mwenzi wake kwa miaka 3 tangu apate ukaazi wa kudumu. Namba ya kumbukumbu ilikuja, kisha wito wa alama za vidole, kisha wito wa uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeidhinishwa. Uamuzi wenyewe haujatoka. Pasipoti ya rafiki yangu inaisha mwakani, naye ameanza kuulizia mpya, asije akaitwa akiwa hana.