Mlango wa Moyo

Washairi wa pwani huusemesha moyo kana kwamba ni mtu: huusihi, huukanya, huulaumu. Mwanamke mmoja wa Unguja aliulazimika kuusikiliza. Usiku, mji ukinyamaza, hutoka kifuani mwake mlio mdogo kama wa saa iliyosahauliwa sandukuni. Ni kilango cha bandia, alichotiwa akiwa msichana kwa kuwa alizaliwa na moyo wenye kasoro. Damu ikikigusa kitu kigeni hutaka kuganda. Basi kila jioni humeza kidonge cha wafarini, dawa iliyouzwa Marekani mwaka 1948 kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu.

Akashika mimba. Ujauzito wenyewe huifanya damu iwe nyepesi kuganda, ili mzazi asije akavuja mno siku ya kujifungua; hekima hiyo, kwa mwenye kilango cha bandia, ni hatari. Daktari hakumficha. Wafarini humlinda mama vyema, ila hupenya kondo, na baina ya wiki ya 6 na ya 12 yaweza kumlemaza mtoto pua na mifupa. Heparini haipenyi, mtoto husalimika nayo, lakini ulinzi wa mama hupungua, hasa damu isipopimwa mara kwa mara.

Njia mbili zilimshinda fisi. Yeye ilimbidi azipite zote, moja baada ya nyingine: sindano za heparini miezi mitatu ya mwanzo, asubuhi na jioni, hata tumbo likajaa mabaka ya zambarau, kisha vidonge, na ilipotimu wiki ya 36, sindano tena, kwani mtoto mwenye wafarini mwilini huweza kuvuja damu ubongoni wakati wa kuzaliwa.

Aliposikia kuwa heparini hutolewa katika matumbo ya nguruwe, sindano ilimtetemeka mkononi. Mama mkwe alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, dharura ina hukumu yake. Jidunge."

Mtoto alizaliwa akilia kwa nguvu. Kidonge cha jioni kimerudi mahali pake, na hakimzuii mama kunyonyesha. Usiku mtoto hulazwa juu ya kifua kile, na mlio uliowakosesha wakubwa usingizi ndio unaomlaza yeye.