Shamba la Mama halikuwa na kiu

Mliozoea kupita hapa kutafuta mambo ya Linux, PHP na hifadhidata mtanivumilia. Leo naandika habari za jembe, mboga na ndugu. Lakini msikimbie, kompyuta imo humu ndani. Imo, na imeniaibisha.

Likizo ya shule ya Agosti 2025 ilikuwa ya wiki tatu. Mimi na mama watoto tuliamua zote tuzimalize kijijini: tuanzie kwa mama yangu karibu na Awendo, kaunti ya Migori, kisha twende kwa wakwe zangu Mbita, kaunti ya Homa Bay, halafu turudi Awendo kumalizia. Watoto wetu wawili wamezaliwa Nairobi. Mahindi wanayajua yakiwa unga kwenye pakiti, na Dholuo wanayoijua inatosha kusalimia tu.

Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia wenzangu kazini. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Baba alifariki mwaka 2019 na kumwachia mama ekari mbili za kulima. Enzi zake ekari moja ilikuwa ikitoa magunia 15 ya mahindi. Mwaka 2024 ekari hiyo hiyo ilitoa magunia 4. Kaka yangu mkubwa, anayeishi pale pale nyumbani, akasema imetosha: shamba lote likodishwe kwa mtu wa miwa. Awendo ni nchi ya miwa tangu kiwanda cha sukari kilipoanzishwa huko miaka ya 1970, na mkodishaji hakosekani. Tatizo ni kwamba miwa hukaa shambani mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, kisha huchipua tena kwenye visiki. Ukishakodisha, umekodisha kwa miaka. Mama hakutaka. Alisema, "Mnataka niamke asubuhi nikaangalie ukuta?"

Tukakubaliana kwamba mambo yataamuliwa mwezi wa Agosti, wote tukiwepo.

Sasa mimi ni mtu wa programu. Mtu wa programu akiona tatizo hutafuta data. Pasaka ya mwaka huo nilikuwa nimekwenda na vihisio vitatu vya unyevu wa udongo nilivyoviunga mwenyewe kwa Arduino, kila kimoja na betri, kipande kidogo cha sola na kadi ya simu. Nilivichomeka shambani, nikarudi Nairobi. Kila asubuhi saa kumi na mbili simu yangu ililia mara tatu: kihisio cha kwanza, asilimia kadhaa, cha pili, asilimia kadhaa, cha tatu vivyo hivyo. Niliandika programu ya kuchora grafu. Ilikuwa grafu nzuri, jamani! Na ilionyesha wazi kwamba mwezi wa Juni udongo ulikauka karibu wiki mbili mfululizo.

Basi jibu nikawa nalo. Nilifika Awendo na karatasi mkononi: pampu ya sola, tangi, na mipira ya kumwagilia kwa matone. Jumla shilingi 180,000. Nilikuwa tayari kuchukua mkopo.

Siku ya pili asubuhi binti yangu, mwenye miaka saba, alitoka shambani mbio akiwa na shada la maua ya zambarau. Maua mazuri kweli. Akampelekea bibi yake. "Dani, nimekuletea!" Mama aliyapokea, akamshukuru, akaingia nayo jikoni na kuyatupa motoni. Mtoto alikaribia kulia. Mimi nikauliza kulikoni.

"Hiyo ni kayongo," mama akasema. "Amechuma wapi?"

Tukaenda wote. Alichuma pale kilipo kihisio changu cha pili. Kilikuwa kimesimama katikati ya kayongo, na kila asubuhi kwa miezi minne kilikuwa kikinitumia asilimia ya unyevu.

Kwa wasioijua: kayongo ndilo jina la Kijaluo la mmea ambao wataalamu huuita Striga. Tanzania wengi huuita kiduha. Ni mwizi. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, hukaa ardhini ikisubiri. Mzizi wa mahindi au mtama ukipita karibu na kutoa kemikali zake, mbegu inaamka, inajishikiza kwenye mzizi huo na kunyonya maji na chakula. Hindi linanyauka kana kwamba lina kiu hata udongo ukiwa na maji. Unapouona mmea wenyewe juu ya ardhi, wizi umeshafanyika. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zinaweza kuishi udongoni zaidi ya miaka 10.

"Mwanangu," mama akaniambia, "hili shamba halina kiu. Lina mwizi."

Nikamwuliza mbona hakuniambia Pasaka. Akasema, "Ulikuja na vyuma vyako, ukafanya kazi siku mbili bila kuniuliza kitu. Nikadhani unajua."

Nisiwafiche, lile neno lilinikaa. Ukame wa Juni ulikuwa wa kweli, grafu haikudanganya. Lakini mvua ya jirani ni ile ile yetu, na jirani alikuwa amevuna. Mimi nilipima maji kwa sababu maji ndiyo niliyokuwa na kifaa cha kuyapima. Ile karatasi ya shilingi 180,000 niliikunja nikaitia mfukoni, na sikuitoa tena.

Wiki hiyo tuliimalizia kwenye bustani ya mama nyuma ya nyumba. Huko hakuna kayongo, maana kayongo hufuata jamii ya nafaka na bustani ni ya mboga: osuga (mnavu), dek (mgagani), apoth (mrenda), kunde, maboga na sukuma wiki. Watoto walipalilia, wakang'oa nusu ya dek wakidhani ni magugu, wakasamehewa. Jioni tulimenya njugu, tukachambua mboga, na mama akawafundisha majina. Kufikia Jumapili mwanangu wa kiume, mwenye miaka kumi, alikuwa akitofautisha osuga na dek gizani kwa harufu.

Mlioko mijini mnaonunua mboga hizi kisha mkalalamika kwamba ni chungu, sikieni mama anavyofanya. Dek na osuga zinachambuliwa majani matupu, zinaoshwa na kuchemshwa kwa maji yenye chumvi kidogo mpaka zilainike. Maji yale machungu yanamwagwa. Kisha anatia maziwa, anafunika chungu na kuacha yachemke taratibu. Siku hiyo hamli! Kesho yake anaongeza maziwa, anapasha tena. Siku ya tatu ndiyo mnakula, na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo. Uchungu umekwisha, umebaki utamu wa aina yake. Mboga haiharakishwi.

Kutoka Awendo tulipanda hadi Rongo, tukakata kwenda Rodi Kopany, Homa Bay, kisha njia ya Mbita kupitia bonde la Lambwe. Huko ndiko iliko hifadhi ya Ruma, mahali pa pekee nchini Kenya walipobaki korongo, wale swala wakubwa wenye uso mweusi na mweupe. Hatukuwaona, ila watoto walikaa dirishani njia nzima.

Kwa wakwe mambo yana taratibu zake. Mkwe wa kiume kwa Wajaluo halali kwenye nyumba ya mama mkwe wake, kwa hiyo mke wangu na watoto walilala nyumbani, na mimi nikapanga chumba Mbita mjini. Kila asubuhi nilifika kama mgeni, nikachinjiwa kuku, nikala nikiwa nimekaa wima. Siku ya tatu nilimwomba shemeji anitoroshe.

Akanipeleka ufukweni. Agosti ndio mwezi omena wanarudi, kwa sababu uvuvi wao hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaliane. Wavuvi huwavua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa; siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Alfajiri omena wanaanikwa juu ya nyavu mchangani, fedha tupu hadi mwisho wa macho, na kina mama wanawageuza na kuwafukuza ndege.

Nilipokuwa nikimsimulia aibu yangu ya kihisio, shemeji alicheka sana. Halafu akasema, "Twende kwa jirani." Mnakumbuka kwamba pale Mbita kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970? Kituo hicho sasa kina jina lake. Hapo ndipo Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Kenya na wa Rothamsted ya Uingereza, walitengeneza miaka ya 1990 mbinu ya kilimo iitwayo sukuma-vuta. (Hapana, si sukuma wiki.)

Jirani yule wa shemeji anaitumia. Katikati ya mistari ya mahindi amepanda desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa. Kuzunguka shamba amepanda nyasi za nepia. Harufu ya desmodiamu inawasukuma nondo wa funza wanaotoboa mabua. Nepia inawavuta nje, wanataga huko, na funza wengi hufia humo. Ila kilichonishika mimi ni mizizi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu ya kayongo na nyingine zinazoizuia isijishikize kwenye hindi. Mbegu inaamka, haina pa kunyonya, inakufa. Akiba ya mwizi inapungua msimu baada ya msimu. Juu ya hapo inarutubisha udongo kwa naitrojeni, na ng'ombe anaila.

Nilimwuliza mzee yule ilimchukua muda gani. Akasema msimu wa kwanza alitaka kuing'oa, maana ilikuwa kazi tupu ya kupalilia na kayongo bado ilikuwepo. Msimu wa tatu ndipo alipopumua. Nilimwuliza maswali ya saa nzima, safari hii bila kifaa chochote mkononi. Akatukatia mashina ya desmodiamu gunia zima. Tulirudi nalo Awendo likiwa limelowa maji, kwenye mapaja ya watoto.

Kikao cha familia kilikuwa Jumamosi ya mwisho, chini ya mwembe. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo siwezi kuyaficha hapa: "Wewe unalima kwa simu. Mwezi wa tatu mimi ndiye niliyelipa vibarua. Mama akiugua usiku, mimi ndiye ninayetafuta pikipiki. Hiyo desmodiamu yako, nani ataipalilia?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Shilingi ninazotuma kwa M-Pesa hazishiki jembe. Tukakaa kimya mpaka mama alipoamua: ekari moja ikodishwe kwa miwa, na kodi yake imlipe kibarua wa kudumu. Ekari ya pili ibaki yake, nusu yake iwe na desmodiamu. Misimu mitatu. Ikishindwa, kaka afanye anavyotaka. Kaka akakubali. Mimi nikaahidi kuja kila mwanzo wa msimu, kwa miguu yangu.

Kabla hatujaondoka mvua ilinyesha mapema. Kwetu mama ndiye huanza kutia mbegu ardhini, kisha mtoto wa kwanza, kisha wengine kwa mpangilio wao. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo tulimshika huku na huku, mimi na kaka, akainama na kupanda shimo la kwanza. Kisha kaka. Kisha mimi. Watoto wakafuata na mashina ya desmodiamu wakiyafukia kwenye mifereji.

Vihisio viwili nimerudi navyo. Kimoja mama amekataa kisiondolewe, anasema ndege wanakiogopa. Data ninayoisubiri siku hizi inaandikwa kwa kalamu: mtoto wa kaka anahesabu mashina ya kayongo kwenye mistari miwili kila mwisho wa mwezi na kunitumia ujumbe mfupi. Novemba mstari wenye desmodiamu ulikuwa na 31, usio nayo 44. Si ushindi, huenda ni bahati tu. Bado misimu miwili.

Haya, ndugu zangu, nisiwachoshe zaidi. Mkishajaribu ile mboga ya siku tatu mnieleze. Safari ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, nawaahidi.