Jiwe la Kijani la Norway

Katika safari yetu ya pwani ya magharibi ya Norway tulifika Åheim, kijiji kilicho kando ya mkono wa bahari uingiao kati ya milima. Milima hiyo ni ya jiwe gumu la kijivu lenye milia. Lakini katika bonde liitwalo Almklovdalen tuliona vilima vya rangi ya kutu, visivyo na majani mengi. Jiwe lake likivunjwa, ndani ni la kijani. Hilo ndilo olivini, nalo lilianza kuchimbwa huko mwaka 1948. Watu wa viwanda hulitia katika tanuri za kuyeyushia chuma.

Basi, jiwe hili si mzaliwa wa hapo. Asili yake ni tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia tunalolikalia. Zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita lilipata joto, sehemu yake ikayeyuka ikapanda juu, yakabaki masazo, kama machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa tui. Mahali pengine zimo punje nyekundu za ganeti, ambazo katika jiwe la namna hii haziwi ila kwa mgandamizo mkubwa.

Miaka milioni 400 na zaidi iliyopita nchi hii iligongana na Greenland, polepole mno, milima ikainuka, na ukingo wa Norway ukasukumwa chini ya mwenziwe, ukanasa vipande vya machicha yale. Wenye elimu walibishana sana: je, jiwe jepesi la nchi kavu laweza kuzama kiasi hicho? Wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 ikatangazwa kuwa huko Grytting, si mbali na Åheim, imeonekana koesaiti, yaani jiwe la mchanga lililobanwa kwa uzito wa kilometa 90 hivi au zaidi. Na mwaka 1995 zikatajwa almasi za kisiwa cha Fjørtoft, ndogo zisizoonekana kwa macho, tena zimo katika jiwe la kijivu lenyewe!

Lilirudije juu, nalo ni zito mara 3.3 kuliko maji? Jiwe la kijivu ni mara 2.7 tu. Gogo lililozamishwa kwa nguvu huibuka likiachiwa, na kokoto iliyonaswa mizizini hupanda nalo. Njiani maji yalipenya, na yalipopita, jiwe gumu likageuka laini, lenye kuteleza mkononi.