Kutoka Ngome ya Yesu Hadi Maporomoko ya Shimba

Msomaji, ukifika Mombasa bila shaka utapelekwa Ngome ya Yesu. Utaambiwa kuwa Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na kwamba Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Utapiga picha kando ya mizinga, kisha utarudi hotelini. Mimi nakuomba utazame kitu kimoja zaidi: maji.

Ndani ya ngome mna kisima, na mna birika la kukinga maji ya mvua. Kisiwa hiki hakina mto. Waarabu wa Omani walipoizingira ngome mnamo Machi 1696, hawakufanikiwa kuingia hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa kuliko risasi. Toka hapo uingie vichochoro vya Mji wa Kale, utapishana na mikokoteni iliyosheheni madumu ya maji ya kuuza. Karne zimepita, shida ni ile ile.

Je, maji yenyewe yako wapi? Yako ng'ambo, kwenye Milima ya Shimba huko Kwale. Chemchemi ya Marere iliyo milimani humo ni mojawapo ya zile zinazoinywesha Mombasa. Na humo humo msituni ndimo yalimo maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita 21 hivi.

Mimi na shoga yangu, niliyeanza naye darasa la kwanza, tumeizoea njia hiyo. Hukutana asubuhi mbele ya ngome, tukala mahamri na mbaazi, tukavuka feri ya Likoni na kushika barabara ya Kwale kwa gari lake kuukuu. Kilomita 30 na ushei tu, lakini mambo ya mwaka mzima husemwa humo: waume, watoto, madeni, wazazi wanaozeeka.

Kufika maporomokoni ni lazima mtembee na askari wa wanyamapori, kwa sababu ya tembo. Ni mteremko wa kilomita 2 hivi, na kurudi ni kupanda. Mara ya mwisho goti la mwenzangu lilikuwa limeanza kumsumbua. Tulipofika nusu ya mlima akaketi juu ya jiwe, akaniambia, "Shoga, mwakani huenda ukaja peke yako." Nilimjibu kuwa sina haja ya maji yanayoanguka kama hana wa kuyatazama nami. Akacheka, akanyoosha mkono nimwinue. Tulipanda kwa vituo, na askari wetu, Mungu ambariki, hakutuharakisha hata mara moja.

Ukitaka kwenda, ondoka mapema kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vya kufunga, si ndara. Beba maji ya kunywa, na upite polepole penye uwazi, huenda ukabahatika kumwona palahala, ambaye nchini Kenya hupatikana Shimba pekee.

Zaidi ya yote, mchukue yule rafiki mnayeambiana kila siku, "Tutakwenda, inshallah." Maporomoko yatakuwapo mwakani. Magoti hayana ahadi hiyo.