Safari ya Ukerewe na Ukara Pamoja na Watoto



Katika nyumba zetu nyingi likizo ya watoto huhesabiwa kuwa ni siku za kupumzika mwalimu na kuchoka mama. Mtoto huamka asubuhi hana la kufanya, akashinda kutwa akizurura njiani au ameinamia simu ya kaka yake. Lakini Qurani Tukufu, katika Sura ya Ankabut aya ya 20, yatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanza kuumba. Amri hiyo haikuwekewa sharti la utajiri, wala haikusemwa ihusu nchi za mbali peke yake.

Sisi wa Mara tukitajiwa kisiwa, fikira zetu hukimbilia Unguja, Pemba, Mafia au Lamu, kwenye minazi na mikarafuu, na kwenye nauli tusizoziweza. Kumbe tuna visiwa mlangoni petu. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38, na Ukerewe wenyewe ndio mkubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria, una eneo la kilomita za mraba zipatazo 530. Basi likizo hii, mimi na mama watoto na watoto wetu wanne tuliondoka Kabasa, katika Bunda, tukaenda kuvitazama viwili kati ya hivyo, Ukerewe na Ukara. Nimeona yafaa kuandika yale tuliyoyapata, huenda yakamfaa mzazi mwingine.

Njia ya kwenda

Kutoka Bunda njia yaelekea magharibi, yapita Bulamba mpaka Kisorya, katika rasi iliyojitokeza ziwani kama mkono. Kusini mwa rasi hiyo ni Ghuba ya Speke. Kisorya ndio mwisho wa nchi kavu; mbele yake upo mlango mwembamba wa maji, na ng'ambo ya pili ni Rugezi, ardhi ya Ukerewe. Hapo huvushwa kwa kivuko watu, magari na mizigo, na safari yenyewe ni fupi, mtoto hajamaliza chungwa lake amekwisha fika.

Ijapokuwa ni fupi, tuliwataka watoto wasome dua ya mwenye kupanda chombo, ile iliyotajwa katika Sura ya Zukhruf, kwamba ametakasika Yule aliyekitiisha chombo hiki kwetu, na kwamba sisi kwa Mola wetu tutarejea. Mtoto wa tatu aliuliza kwa nini dua ya safari ndogo itaje kurejea kwa Mola. Mama yake akamjibu, "Kwa sababu, mwanangu, hakuna ajuaye safari ipi ndogo na ipi kubwa." Nami sikuwa na la kuongeza.

Wakauliza pia habari ya kupunguza sala. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, msafiri hupunguza ikiwa safari yake ni ya halali na imefika marhala mbili, nazo wanazuoni wengi huzikadiria kuwa ni kilomita themanini na kitu. Kutoka Kabasa hadi Ukara kadiri hiyo yapita. Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Na aliyekusudia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hana ruhusa hiyo. Watoto waliokuwa wakisinzia somo hili madrasa, safari hii walilidhibiti kwa siku moja, maana walilitumia.

Nansio na habari zake

Mji mkuu wa Ukerewe ni Nansio, mji wa bandari wenye soko la samaki, muhogo na machungwa. Machungwa ya Ukerewe yana sifa, na watoto wangu ni mashahidi. Lugha ya wenyeji, Kikerewe, iko karibu na Kijita chetu, hata mama watoto aliweza kuuliza bei na kuombea punguzo bila ya mkalimani.

Zamani jina la kisiwa hiki lilikuwa kubwa kuliko kisiwa. Wafanya biashara wa pwani waliliita ziwa lote Ukerewe, na ndivyo lilivyoandikwa katika ramani za Wazungu wa mwanzo, kabla ya Mwingereza Speke kufika upande wa Mwanza mwaka 1858 na kulipa jina la malkia wake.

Katika hao watu wa pwani alikuwapo mmoja aitwaye Songoro, aliyeunda jahazi kisiwani hapa. Desemba 1877 ugomvi uliohusu jahazi hilo uliwaka baina yake na Lukonge, mtawala wa Ukerewe. Songoro alikimbilia kwa wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill. Nao walipokataa kumtoa, wakauawa wote pamoja. Niliwasimulia watoto habari hii tukiwa tumekaa ufukoni, nikawakumbusha aya ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Sura ya Baqara. Aya hiyo haizungumzi habari za vita wala za peponi. Yazungumza habari ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwenye kutazama yaliyoletwa na mapatano ya mbao na mali pale Ukerewe ataona kwa nini Mola wetu aliirefusha.

Maji yavutiayo

Sasa nitaje jambo ambalo mzazi aendaye ziwani hana budi kulijua. Maji ya ufukoni ni matulivu, jua ni kali, na watoto wa wenyeji wanaogelea. Mtoto wako atakuvuta mkono akitaka naye aingie. Usimruhusu. Sehemu nyingi za ufuko wa ziwa hili zina kichocho, na Ukerewe umeathirika sana nacho. Wadudu wake hutoka katika konokono wadogo wa majini, nao hupenya ngozi ya mtu bila ya yeye kuhisi, wakaenda kuharibu ini na matumbo kwa muda wa miaka. Mgonjwa naye akijisaidia majini au kando ya maji, mayai hurudi ziwani, yakawaingia konokono, na duara likaendelea.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya juu ya kujisaidia katika mahali wanapoteka watu maji, njiani na kivulini. Hayo aliyasema zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kujulikana habari ya mdudu huyu. Laiti watu wangeyashika, konokono wangebaki konokono tu.

Na kwa ajili ya udhu, usiingie ziwani kwa miguu. Nunua maji ya bomba, au chota ndoo uyaweke siku mbili, maana wadudu hao hawaishi zaidi ya hapo, au uyachemshe. Sisi tulifanya hivyo, na udhu wetu ulikuwa udhu.

Kuvuka kwenda Ukara

Kaskazini ya Ukerewe kiko kisiwa kidogo cha Ukara. Watu huvukia Bugorora na kushukia Bwisya. Ni katika njia hii, siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugorora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Ukara. Kilitengenezwa kuchukua watu 101. Siku hiyo kilikuwa na zaidi ya watu 260, na mizigo juu yake. Waliokufa ni 228. Waliookoka walikuwa 41, na mmoja wao, fundi wa mitambo, alitolewa hai siku ya tatu, alikuwa amejibana mahali palipobaki hewa ndani ya chombo kilichopinduka.

Baadhi yao walizikwa pale Bwisya. Tulisimama tukawatakia Waislamu waliomo rehema, na wafiwa wote subira. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba Mwislamu aliyekufa kwa kuzama ni katika mashahidi. Binti yetu mkubwa alisoma umri wa marehemu mmoja, akaona ni sawa na wake, akanyamaza mpaka jioni.

Wakara na shamba lao

Ukara si mahali pa huzuni tu. Kisiwa ni kidogo, kiasi cha kilomita za mraba 80, na watu ni wengi mno, tena ardhi yake ni ya mchanga usio na rutuba. Pamoja na hayo wamekaa hapo vizazi na vizazi, wakalima mwaka hata mwaka bila kuhama. Siri yao ni kazi. Ng'ombe hufungiwa ndani na kukatiwa majani, na mbolea yake huchukuliwa kwa kichwa mpaka shambani. Hupanda marejea katikati ya uwele, kisha huyafukia yaoze yaurutubishe udongo. Miteremko wameijengea matuta ya mawe. Wataalamu wa kilimo walikuwa wakija kuwatazama tangu miaka ya 1930.

Tulikaribishwa na mzee mmoja, rafiki wa jamaa yetu, akatulaza na kutulisha ugali wa muhogo kwa sato. Kijana wangu, ambaye nyumbani kupeleka mbolea bustanini ni ugomvi, alimwona mzee huyo, mwenye umri wa babu yake, amejitwika tenga la samadi anapanda kilima. Sikumwambia neno. Asubuhi yake nikamwona naye ana tenga kichwani.

Pale Ukara liko pia jiwe kubwa lililokaa juu ya mawe mengine, ambalo husemwa kuwa hucheza likiombwa. Tulikwenda kulitazama kama tutazamavyo kiumbe chochote cha Mwenyezi Mungu. Hatukuliomba wala hatukulitolea kitu. Niliwaeleza watoto kwamba jua na mvua hula mwamba polepole kwa muda mrefu, pale palipo laini pakaondoka na palipo pagumu pakasalia, ndivyo yalivyopatikana hata mawe ya Bunda na ya Mwanza. Qurani yatwambia kwamba katika mawe yamo yaangukayo kwa hofu ya Mwenyezi Mungu. Basi jiwe ni mja kama sisi, nalo lingekuwa na ulimi lingekataa kuombwa. Lakini niliwakataza kucheka mbele ya wenyeji. Sura ya An'am yatukataza kuyatukana wanayoyaabudu wengine, na mgeni mwenye dharau huifunga milango ya daawa yeye mwenyewe.

Siku ya kurudi

Siku ya kurudi tulifika ufukoni tukakuta kivuko kimekwisha ondoka, na kingine ni kesho. Palikuwapo mtumbwi wa injini unaopakia watu. Mwenyewe akatuita, "Mwalimu, pandeni, nafasi ipo." Nikautazama. Watu walikuwa wamebanana, magunia ya dagaa katikati, maji yamebakiwa na shubiri moja kufika ukingoni, na maboya ya kujiokolea niliyahesabu matano. Nikasema hatupandi.

Haikuwa rahisi. Fedha zilikuwa za kuhesabu, watoto walikuwa wamechoka, na mama watoto alikuwa na ahadi Nansio. Baadhi ya abiria walicheka. Mmoja akasema, "Mwalimu mzima huna tawakuli?" Mtumbwi ukaenda zake, nasi tukarudi kwa mzee tukiwa kimya.

Usiku zikaja habari kwa simu kwamba mtumbwi ulifika salama, hapana aliyelowa hata unyayo. Kijana wangu akaniuliza mbele ya wenyeji wetu, "Baba, mbona wamefika? Si tungekuwa Nansio sasa?"

Swali lilikuwa la haki, na lilitaka jibu la haki. Nikamwambia, "Mwanangu, tumshukuru Mungu kwa kufika kwao. Lakini mtu afungaye macho akavuka njia ya magari akafika ng'ambo, kufika kwake hakulifanyi tendo lake kuwa jema. Sisi hatutaulizwa yaliyotokea, maana hayo yako mikononi mwa Mola. Tutaulizwa tulichokiona na tulichokifanya." Nikamkumbusha bedui aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache tu ategemee, akaamrishwa afunge kwanza, kisha ategemee. Tena wale wa mwaka 2018 walikuwa wamepanda vyombo vilivyojaa mara nyingi, wakafika. Kufika kwa jana ndiko kulikowatia imani siku ya mwisho.

Mzee wetu, aliyekuwa akisikiliza, akasema neno moja tu: alikuwa na jamaa katika kivuko kile, naye siku hiyo alikuwa na haraka. Kijana hakuuliza tena. Asubuhi tulipanda kivuko, tukavuka bila kubanana.

Nasaha kwa wazazi

Ndugu wazazi, watembezeni watoto wenu, walau kwa siku tatu, walau kwa kisiwa kilicho karibu. Wafunzeni dua za safari wakiwa safarini na hukumu za sala wanapozihitaji. Wapeni macho ya kuona kazi za watu na jasho lao. Walindeni na maji yenye maradhi na vyombo vilivyojaa. Na siku mtakayokataa jambo la hatari, kisha waliolifanya wakapona, msione haya. Waelezeni watoto sababu, kwani watakumbuka sababu hiyo siku ambayo ninyi hamtakuwapo kuwashika mkono.

Mwenyezi Mungu azibariki safari zetu, awarehemu waliozama katika ziwa letu, na atujaalie vizazi vyenye kutazama na kuzingatia. Amin.