Damu Tusiyoiuliza

Wazee wetu walipotaka kupeleka posa hawakuwa na haraka. Waliuliza: huyu binti wa nani, nyanya zake watu wa wapi, dini yao ikoje, kwao kuna wazimu au ukoma? Mimi nilipooa niliulizwa yote hayo, nikatoka safi. Na usafi huo ndio ulionighuri.

Mtoto wetu wa kwanza hakutimiza mwaka, vidole vya mikono na miguu vikavimba, akawa halali kwa kulia. Macho yakageuka manjano. Tukamhangaisha kwa huyu na yule, hirizi zikamjaa shingoni. Daktari alipotaja selimundu, nilimgeukia mke wangu mbele za watu nikasema: "Kwetu ugonjwa huu haujapata kuonekana." Hakujibu neno. Alimfunika mtoto kwa khanga, akatoka. Mimi nililisema mara moja tu; mama yangu alilichukua akalirudia mwaka mzima.

Kisha tukapimwa damu sote wawili. Ninayo mimi, anayo yeye, sawasawa.

Himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, huifuata jeni mbili: moja ya baba, moja ya mama. Mwenye moja yenye ila na moja nzima huishi na afya yake, pengine asijue mpaka kufa. Tena ile moja humkinga mtoto na malaria kali, kama alivyoonyesha mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Ndiyo sababu imejaa huku kwetu pwani kuliko nyanda za juu zenye baridi. Balaa ni wakikutana wawili kama sisi. Kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya mtoto kurithi zote mbili zenye ila, na hapo chembe zake nyekundu hujipinda mfano wa mundu zikaziba mishipa. Nasema kila mimba, kwani nami nilidhani akishaugua mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo, hesabu huanza upya.

Chuoni nilisomeshwa khabari ya bedui aliyemtilia shaka mkewe kwa rangi ya mtoto, naye Mtume (S.A.W.) akamuuliza juu ya ngamia wake wekundu na yule wa rangi ya kijivu aliyetokea kati yao, mpaka bedui mwenyewe akakiri kuwa huenda ni asili iliyomvuta. Niliihifadhi khabari hiyo tangu utoto. Siku ya haja sikuikumbuka.

Mke wangu nilimtaka radhi. Mwanangu yu hai, Alhamdulillahi, ana maumivu yake na vidonge vyake.

Mwaka jana ilikuja posa ya binti yetu mdogo, kutoka kwa mtoto wa ndugu yangu. Sisi twapenda kuozana mtoto wa ami na mtoto wa ami, na babu mmoja mwenye jeni hiyo aweza kuwagawia wajukuu wote wawili. Sijafungua mdomo, mama yangu, sasa mkongwe, akauliza kutoka kitandani mwake:

"Wamepima damu?"