Kupiga Msasa Mitumbwi

Sisi tukaao Kamanga, ng'ambo ya ghuba tukiielekea Mwanza, twaona kila siku vyombo vya namna nyingi: kivuko kichukuacho watu na magari, mitumbwi ya wavuvi wa sangara, na ile ya wavuvi wa dagaa watokao usiku na taa zao. Mingi ni ya mbao, nayo hupakwa rangi za kupendeza, buluu, nyekundu na kijani. Rangi husifiwa na kila apitaye. Walakini kazi itanguliayo rangi, yaani kupiga msasa, haisifiwi na mtu. Twataka kuieleza kazi hii na zana zake, maana wengi huzichagua vibaya, na hasara yake si ya fedha tu.

Msasa lilikuwa jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi. Majani ya mti huo hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani hufanya kazi ile ile kwa punje ngumu zilizogandishwa kwa gundi. Nyuma yake pana namba, nayo ndiyo ya kusoma kabla ya kutoa fedha. Wengi hudhani kwamba namba kubwa ni ukali mkubwa. Sivyo. Namba hiyo asili yake ni matundu ya chekeche: matundu yakiwa mengi mahali padogo, punje zipitazo ni ndogo. Basi msasa wa 40 au 60 ni mkali, wa kuondolea rangi kuukuu. Wa 80 mpaka 120 ni wa kutengenezea mbao ipokee rangi. Wa 180 mpaka 240 ni wa kupitishia kidogo kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Arukaye kutoka 40 mpaka 240 hatalainisha kitu, ila atasugua vilele vya mikwaruzo na kuyaacha mabonde yake.

Tena msasa si zana ya kwanza. Mtumbwi ukiisha kuvutwa pwani, huoshwa ute wa kijani wa ziwani, ukaachwa kivulini ukauke vema. Maana rangi ipakwayo juu ya ubao wenye maji hufanya malengelenge na kubanduka. Ndipo rangi iliyolegea iondolewe kwa kikwaruzo, na vichwa vya misumari vyenye kutu visuguliwe kwa brashi ya waya. Asiyefanya hivyo huona msasa wake ukichanika msumarini saa ya kwanza, akamlaumu mwenye duka. Baada ya hayo karatasi izungushiwe kibao, wala isishikwe kwa vidole vitupu, kwa kuwa vidole huchimba penye ulaini na kuacha penye ugumu. Na mkono ufuate nyuzi za mti. Ukizikata, alama huonekana hata chini ya rangi.

Siku hizi zimekuja mashine za umeme, na vijana huzipenda kwa upesi wake. Hatuzikatai. Iko moja ndogo ambayo sahani yake huzunguka na kutikisika pamoja. Hiyo humfaa fundi asiye na uzoefu, kwa sababu haichimbi upesi. Ya mkanda uzungukao hula mbao kwa nguvu, nayo yataka mkono uliotulia na ubao ulionyoka, na ubavu wa mtumbwi haukunyoka. Lakini ile mashine ya duara iliyofanywa kwa kusagia chuma, ambayo wengi huiazima kwa kuwa iko karibu, huacha mashimo ya mviringo kama nyayo za mbuzi kwenye tope. Dakika chache hupunguza unene wa ubao ambao miaka kumi ya mawimbi haikuupunguza. Jambo moja tena: mashine hizi za kawaida hazipatani na maji, nazo pwani yetu ni maji matupu.

Watu wa bahari wana dawa zao: hupaka chini ya jahazi deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta. Sisi wa ziwani adui zetu si wote sawa na wao. Hatuna mdudu wa baharini atoboaye mbao. Ila maji yasiyo na chumvi, na zaidi ya mvua yakaayo ndani ya chombo, huozesha mti upesi kuliko maji ya chumvi. Uozo huo hujificha chini ya rangi. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Msasa wa mkono ndio uufichuao mkakasi. Ubao mzima hulia chini ya msasa na kutoa unga mkavu. Uliooza hunyamaza, ukatoa nyuzi laini. Mkono husikia tofauti hiyo, lakini mashine yenye kelele humnyima fundi habari. Kwa hiyo, hata mwenye mashine na apitishe mkono mwishoni, hasa kwenye maungio na karibu na mkuku, penye kalafati. Apakaye rangi mpya juu ya kuukuu bila kusugua hakukitengeneza chombo. Amewaficha abiria jambo liwapasalo kulijua.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi walimu zaidi. Tumeona watoto wa shule wakiajiriwa siku ya Jumamosi kupiga msasa mkavu, na Jumatatu wakija darasani macho mekundu, wakikohoa, nywele zao zina unga wa buluu. Wenye vyombo husema ni kazi nyepesi. Ndugu, rangi nyingi za zamani, na baadhi ya rangi zilizouzwa hata miaka ya karibuni, zina risasi ndani yake. Unga wake huingia kwa pumzi, na kwa mkono ushikao ugali. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa hakina madhara. Nayo huudhuru ubongo wa mtoto, madhara yasiyoondoka. Twafundisha kusoma siku tano, kisha siku ya sita twaiharibu akili ile ile kwa ujira wa soda.

Basi rangi kuukuu na isuguliwe na mtu mzima, kwa msasa wa maji, ule mweusi usioharibika ukilowa, ili unga ugeuke tope lisiruke. Tope likingwe kwa turubai lisiende ziwani. Mbao ikionekana tupu, maji yakome, ikauke, na kazi imalizwe kwa msasa mkavu. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi, maana kitambaa hakizuii unga mwembamba. Anawe kabla ya kula, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za watoto.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Tukikuta mtumbwi unang'aa, tusiulize rangi yake ilinunuliwa wapi. Tuulize ni lini mara ya mwisho mbao zake zilionekana tupu, na ni nani aliyezipapasa.